Lambo dogo la udongo: miti kwenye tuta ikatwe au iachwe?

Kobe Mpole: Wakuu, amani kwenu. Tuta la udongo, kimo mita 5 hivi, halijawahi kusumbua. Mkaguzi kapita, kaamuru miti yote iliyoota juu yake iondolewe. Mimi naona mizizi ndiyo inayoshika udongo. Na lambo ni langu, si la umma. Ni haki kweli?

Fundi Koleo: Ikatwe ingali midogo. Mti ukifa mizizi huoza, vinabaki vijitundu ndani ya tuta na maji yanavifuata. Yanaanza kama jasho, yanaishia shimo. Nyasi fupi zinatosha. Hao wanaopanda miti ukutani wanatafuta picha tu.

Bi Nyasi: Picha? Nimepanda kwa mikono hii, mgongo ukaniuma wiki nzima. Wewe umewahi kushika jembe au unashika simu tu?

Fundi Koleo: Sikutaja mtu, dada. Umejishtukia.

Msomi wa Darini: Acheni ugomvi wa miti. Muuaji mkubwa wa matuta ya udongo ni maji kupita juu, kwa sababu utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, ni mdogo au umeziba. Bwawa la South Fork kule Marekani lilipasuka hivyo, 1888, mji wa Johnstown ukazolewa.

Bi Nyasi: Ni 1889, Mei 31. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Ndio mnaotufundisha hao!

Msomi wa Darini: Haya, 1889, umefurahi? Hoja iko palepale. Waliweka nyavu kwenye utoro samaki wasitoroke, zikanasa takataka. Na kilele cha tuta walishakishusha ili magari ya farasi yapate kupishana.

Kobe Mpole: Jamani, mimi pia nina wavu pale. Samaki watakwenda wapi?

Mzee Ndoano: Watakwenda kwa jirani, atakushukuru. 😂

Kobe Mpole: Mzee wangu, usicheke, nimewalisha miezi minane.

Mzee Ndoano: Wavue uwale basi. Utoro si mlango wa banda la kuku.

Msomi wa Darini: Na hilo la "lambo ni langu": Solai, Kenya, Mei 2018, lilikuwa bwawa la shamba la mtu. Walikufa zaidi ya 40, waliolala chini ya bonde. Maji yakishatoka hayaulizi hati.

Bi Nyasi: Mimi bado nasubiri kuombwa radhi.

Fundi Koleo: Radhi, dada. Ila miti yako iliyokwisha kuwa minene usiing'oe bwawa likiwa limejaa. Shusha maji kwanza, chimba mizizi, jaza udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka ukishindilia. Ukirudishia udongo kwa koleo na kuukanyaga kwa miguu tu, umetengeneza shimo jipya.

Bi Nyasi: Hilo ungelisema mwanzo tusingefika huku.

Kobe Mpole: Kwa hiyo wavu wa matundu makubwa je?

Mzee Ndoano: Huyu na samaki wake!

Fundi Koleo: Mkuu, achana na samaki. Chini ya tuta, upande wa nje, pana unyevu?

Kobe Mpole: Pamekuwa panatoka maji kidogo siku zote, masafi. Tangu juzi yana tope. Nilidhani samaki wanatibua.

Fundi Koleo: Tope? Hilo ni tuta lenyewe linatoka! Anza kushusha maji sasa hivi, na wanaokaa chini ya bonde waambie wahame leo. Mpigie mkaguzi.

Bi Nyasi: Na huo wavu utoe. Kobe? Upo?