MREJESHO: Laptopu na diski ya nje kwa basi, Ifakara–Mahenge

Wakuu, niliuliza nisafiri vipi na laptopu na diski ya nje kwenye ile barabara ya vumbi. Nimefika, vyote vinawaka.

Ushauri wenu wa kuzima laptopu kabisa badala ya kuifunika tu ndio uliobeba: diski ya ndani ikisimama, kichwa chake cha kusomea huegeshwa pembeni, hakielei tena juu ya sahani inayozunguka. Diski ya nje niliizungushia kipande cha sponji la godoro, nikaibana katikati ya nguo. Begi nikalipakata, siti ya katikati; ya nyuma kabisa inarusha balaa. Konda alitaka liende kwenye buti, akanuna, shauri yake. Chaja mfuko wa nje, isikandamize kioo.

Vumbi tu ndilo limeingia kwenye feni. Nikipata hela nahamia SSD, diski isiyo na sahani wala kichwa kinachosogea.