Wauzaji wa tivi Mwanjelwa, acheni kusingizia umeme

Wakuu, leo sibembelezi mtu. Kuanzia Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya hadi Miyomboni kule Iringa, mteja akirudisha tivi ya inchi 32 inayotoa sauti bila picha, jibu anapewa hata boksi halijafunguliwa: "Umeme umeipiga hiyo, waranti haihusiki." Anapakia tivi yake kwenye bodaboda, anarudi Uyole. Mara nyingi huo ni uongo mtupu, na kuupima kunataka tochi ya simu tu.

Washa tivi, weka chaneli yenye picha angavu, zima taa za chumba. Sogeza tochi hadi ikaribie kugusa kioo, iinamishe kidogo. Ukiona watu wanatembea mle ndani kama vivuli, basi kioo kizima, bodi inachakata picha na pawa ipo. Kilichokufa ni taa zilizo nyuma ya kioo, au saketi inayozilisha. Umeme ukipiga kweli huanzia mlangoni, pale unapoingilia kwenye tivi: fyuzi, dayodi, kapasita kubwa, transista ya pawa. Hapo hata kale kataa kekundu ka mbele hakawaki. Tivi nyingi zimeandikwa nyuma volti 100 hadi 240, na saketi ya taa hushikilia mkondo ule ule. Umeme kushuka jioni pale Ilemi hakuunguzi taa za ndani.

Kinachoziua ni jinsi zilivyobuniwa. Mpangilio unaokutwa sana kwenye tivi za bei ya chini ni mistari miwili, kila mmoja taa 6, kila taa volti 6, zote zimeungwa kwa kufuatana: jumla volti 72. Taa 12 ziangaze inchi 32! Ili zitoshe, kila moja inavalishwa kilenzi cha plastiki cha kutawanya mwanga, kisha inasukumiwa mkondo mkubwa. Joto lake lipite wapi? Kwenye kipande chembamba cha alumini kilichobandikwa kwa gamu ya pande mbili juu ya bati jembamba. Gamu ikikauka, kipande kinanyanyuka na taa inajichoma yenyewe. Na kwa kuwa zimefuatana, moja ikikatika zote zinakufa: tivi inamulika kidogo, bodi inaona volti zimepanda kupita kiasi, inakata taa. Sauti inaendelea na taarifa ya habari kama kawaida.

Dalili huja mapema, ila hakuna muuzaji anayekwambia. Doa jeupe la duara: kilenzi kimebanduka. Picha kugeuka bluu au zambarau: ule unga wa njano juu ya taa umechoka kwa joto. Giza upande mmoja tu: kuna taa imeshoti.

Wauzaji hujitetea kuwa ushindani ni mkali. Mkali kwenye nini? Samsung waliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022, kiwanda cha LG cha Guangzhou kimeuzwa kwa kampuni ya kundi la TCL, na sehemu kubwa ya vioo sasa inatoka kwa viwanda vichache vya China kama BOE, CSOT na HKC. Fungua tivi mbili za bei rahisi zenye majina tofauti, usishangae kukuta bodi ya ukoo mmoja, pawa na programu vyote juu yake. Kilichobaki kushindania ni fremu nyembamba, bei, na stika ya 4K iliyobandikwa kwenye kioo cha nukta 1366 × 768, ambacho si 4K (hiyo nayo ingehitaji uzi wake). Kupunguza taa hakuonekani rafuni. Tena pale dukani mwanga wa nyuma unawekwa 100 ili tivi ing'ae kuliko ya jirani, na mteja anapelekewa hivyo hivyo nyumbani.

Mchuuzi wa Kabwe: Mkuu unatuonea. Tivi inatoka Kariakoo imefungwa, faida yenyewe kiduchu. Na radi za Tukuyu unazijua.

Mwanzisha uzi: Radi nazijua, ndiyo maana nimeanza na tochi. Picha ikionekana kwa tochi na pawa ni nzima, hiyo radi ilipita wapi? Pima mbele ya mteja, andika matokeo kwenye risiti, mpelekee aliyekuuzia jumla. Ukikataa waranti bila kupima, mteja ana haki ya kwenda FCC, yaani Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji pia.

Fundi Saketi: Naongezea kwa mafundi wenzangu, maana na sisi tuna lawama. Usibadilishe taa moja. Zilizobaki zimepigwa joto lile lile, zitafuata. Badilisha mistari yote, na ilingane idadi ya taa, urefu, na volti kwa kila taa. Ukifunga za volti 3 kwenye bodi ya taa za volti 6, jumla inashuka hadi 36, na bodi nyingine hugoma kabisa. Kabla ya kugusa, toa chaji ya kapasita kubwa: kwa umeme wa 230 inashika kama volti 325. Kioo kinyanyueni wawili, msishike upande wenye riboni, zile nyaya bapa za kioo. Riboni ikichanika hapo biashara imekwisha.

Kabla ya kufunga punguza mkondo, la sivyo taa mpya zitaungua kama za mwanzo. Karibu na soketi ya taa kuna rizista ndogo za kupima mkondo. Zikiwa tatu za omu 3 sambamba, jumla ni omu 1. Toa moja, inakuwa 1.5, mkondo unashuka kwa theluthi. Mwanga unapungua, lakini sebuleni hautakusumbua.

Mwanzisha uzi: Safi sana mkuu. Na ambao tivi zenu bado nzima, ingieni kwenye menyu ya picha leo, shusheni "Backlight" (mwanga wa nyuma) hadi 50 au 60. Siyo "Brightness", hiyo kwenye tivi nyingi inachezea weusi wa picha tu, taa zinaendelea kuungua vile vile. Kama menyu ya kawaida haina, imefichwa kwenye menyu ya fundi. Humo msiguse mpangilio wa kioo, picha itapinduka.