Naishi nje, nyumba iko Goba: fundi wa uhakika wa paa na bustani nampataje?

Wa_Goba

Wakuu, habari za wakati huu. Naishi Ujerumani, nyumba iko Goba, Dar. Ni paa la kuficha, gata ya zege nyuma ya ukuta wa juu, urefu wake kama mita 30 na upana sentimita 40. Maji yanashuka kwenye jipsam ya vyumba viwili vya nyuma na rangi imeanza kuvimba ukutani. Mpangaji anahama mwisho wa mwezi wa nane, nataka kazi iishe kabla ya vuli. Uwanja wa mbele, mita za mraba 200 hivi, nao nataka uoteshwe nyasi.

Mafundi watatu wamenipigia bei kwa kuangalia picha tu, na kati ya wa chini na wa juu bei inazidi mara tatu. Mdogo wangu yuko Kimara, anaweza kufika Jumamosi. Fundi wa kweli namjuaje nikiwa huku, na pesa naitoaje?

Kipimamaji

Mkuu, hizo bei tatu huwezi kuzilinganisha, maana kila fundi amepigia bei kazi yake kichwani. Wa chini anawaza kupaka lami na silikoni, wa juu labda anawaza kung'oa safu ya mwisho ya bati. Usichague bado. Kwanza mlipe mtu siku moja ya ukaguzi, malipo yanayojitegemea, na umwambie wazi kwamba kukagua hakumpi kazi. Ukaguzi wa paa la kuficha unakwenda hivi:

1. Safisha gata, ziba matundu ya mabomba ya kushushia, jaza maji sentimita 5, acha saa 24. Jipsam ikilowa, tatizo ni gata yenyewe au maungio ya bomba.
2. Isipolowa, fungulia maji yaondoke, kisha mwagia ukuta wa juu kwa mpira, ukianzia chini kupanda juu, dakika 15 hadi 20 kila sehemu. Ukianzia juu maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.
3. Mwisho mwagia bati, kwenye skrubu na pale bati linapokutana na ukuta.

Fundi akikataa kujaza maji, achana naye hapohapo. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza, hata kabla ya cheti.

Sasa aangalie vitu vinne, ambavyo ndivyo vinavyoharibu mapaa haya Dar nzima. Kwanza mteremko: gata inatakiwa ishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Pili, bati liingie ndani ya gata sentimita 5 hadi 7. Likiishia ukingoni, maji yanarudi nyuma chini ya bati na kuingia darini. Tatu, mabomba: bati la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 100 kwa saa, linamwaga lita 10,000 kwa saa hiyo. Bomba moja la inchi 4 lenye majani ya mwembe mdomoni halitoshi. Nne, tundu la dharura linalotoboa ukuta wa nje, likae chini ya usawa wa ukingo wa bati. Bomba likiziba, maji yatoke nje uyaone, yasiingie ndani. Nyumba nyingi hazina hili tundu, na ni kazi ya nusu siku tu.

Ukikuta gata ndiyo inayovuja, dawa yake ni karatasi ya lami ya kuchoma kwa moto, milimita 4. Roli moja ni mita 1 kwa 10. Gata yako ina sentimita 40 za chini, ukipandisha sentimita 20 kila upande unapata 80, kwa hiyo roli linatosha kwa upana. Maungio yapandiane sentimita 15. Kwa mita 30 nunua roli nne, na primea ya lami (ile ya kupaka kwanza ili karatasi ishike) lita 6 hadi 9. Kabla ya kuchoma, kona zote za chini zipigwe plasta ya mshazari, maana karatasi ikikunjwa kwa pembe kali inapasuka. Upande wa ukuta, ncha ya juu ichimbiwe mfereji mdogo, iingizwe humo, ifungwe kwa plasta. Upande wa pili ipite chini ya bati. Jua linaila lami, kwa hiyo nunua yenye changarawe juu au ipakwe rangi ya fedha.

Kosa la kawaida ni kuchoma juu ya zege bichi au lenye unyevu. Mvuke unatafuta njia na karatasi inafanya malengelenge. Kipimo ni rahisi: bandika nailoni kipande cha mita 1 juu ya zege, zungushia selotepu, iache usiku kucha. Asubuhi ikiwa na matone kwa ndani, subiri.

Mzani_wa_Hadwea

Naongezea upande wa pesa na vifaa, maana huko ndiko wanaoishi nje wanakoumia.

Pesa ya vifaa na pesa ya ufundi zisikae mfuko mmoja kamwe. Mwambie fundi aandike orodha: jina la kitu, kipimo, idadi. Orodha hiyo peleka maduka mawili, moja la jirani na nyumba na moja Kariakoo, upate profoma. Lipa mwenyewe kwa lipa namba ya duka, siyo namba ya mtu. Dai risiti ya EFD, kisha ingia tovuti ya TRA uihakiki kwa namba iliyo chini ya risiti. Risiti iliyochezewa itakataa au italeta kiasi tofauti. Mzigo ukifika, ahesabu mtu asiye fundi wala dereva.

Cha juu kipo, tuseme ukweli. Duka linampa fundi chake akileta mteja, kwa hiyo muuza duka akikusifia fundi, chukulia kama jina la kuanzia tu. Sifa za kuaminika ziko kwa mwenye nyumba ambaye kazi yake imepita masika mbili. Omba nyumba tatu za namna hiyo, na mdogo wako aende kuonana na wenye nyumba bila fundi kuwepo. Swali la kuuliza ni moja: "Alipoitwa kurekebisha, alirudi?"

Nyaraka: nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha VETA kama anacho (wengi wazuri wamejifunzia kazini, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa namna hiyo). Ukigusa umeme, fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na usome daraja lake na tarehe ya kuisha. Kazi ikiwa kubwa, mfano kuongeza ghorofa, hapo ni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wa majengo wana madaraja kuanzia la 1 hadi la 7. Mkataba wa ukurasa mmoja usainiwe ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti au mtendaji. Wanakujua wewe, na watamfahamu na yeye.

Malipo ya ufundi napendekeza: 20% akishafika na vifaa viko eneo la kazi, 30% gata ikishasafishwa, kukauka na kupigwa primea, 40% baada ya kujaza maji saa 48 bila tone, 10% baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Kipimamaji

Nakubaliana, isipokuwa hiyo ya mwanzo. Saidia fundi analipwa jioni ileile, hakubali kulala akidai. Fundi akiwa na wasaidizi wawili na hana pesa mkononi, siku ya tatu atakwenda kuanza kazi nyingine Tegeta apate kianzio cha huko, na kwako atarudi wiki ijayo. Toa 20%, lakini weka na posho ndogo ya wasaidizi kila jioni, inayokatwa kwenye jumla, dhidi ya picha za siku hiyo. Hapo anabaki.

Na picha zipigwe kabla kitu hakijafunikwa: primea, kona za mshazari, ncha iliyoingia ukutani. Futi kamba ionekane kwenye picha. Ukipiga simu ya video, mwambie aanzie getini atembee mpaka juu bila kukata. Picha ya nyumba ya mtu mwingine haiwezi kupita hapo.

Wa_Goba

Asanteni sana. Mdogo wangu anaweza kununua na kusimamia vyote?

Mzani_wa_Hadwea

Kaka, usimpe vyote viwili. Siyo kwamba humwamini. Ukimpa kununua na kukagua, kosa likitokea hana wa kumuuliza na mtagombana bure. Wewe lipia duka, yeye ahesabu na apime. Na mlipe nauli na siku yake, hata kama ni damu yako. Asiyelipwa atapita Jumamosi dakika kumi na kusema "kazi inaendelea vizuri".

Ndago_Adui

Hamjagusa bustani, na kwa mita 200 ina gharama zake.

Tatizo kubwa la Dar ni "udongo mweusi" wa lori. Unakuja na ndago, gugu lenye vitunguu vidogo ardhini. Ukishaotesha nyasi juu yake, utang'oa miaka na miaka, kwa sababu vile vitunguu vya chini vinabaki. Udongo ukifika, mwaga sehemu ndogo, mwagilia wiki mbili hadi tatu, uone kinachoota. Ndago zikitokea, usipokee mzigo uliobaki. Kwa tabaka la sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 20. Usinunue kwa "tripu", pima bodi la lori urefu kwa upana kwa kina. Samadi iliyooza, tabaka la sentimita 2 hadi 3, ichanganywe. Mbichi inaunguza miche na kuleta mbegu za magugu.

Kabla ya hapo fundi asawazishe: udongo ushuke sentimita 2 kila mita ukitoka ukutani, na ubaki sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu. Wengi wanajaza udongo mpaka ukutani kupendezesha, halafu unyevu unapanda na mchwa wanapata njia. Huo uvimbe wa rangi unaousema, mwambie mkaguzi aangalie kama uko chini ya ukuta pia. Ukiwa chini, siyo wa paa.

Nyasi: pasipalamu kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, ukoka kama ni ya DAWASA na jua ni la kutosha. Zote zinakufa kivulini, kwa hiyo chini ya mwembe weka kokoto. Vishina vipandwe sentimita 15 kwa 15, yaani kama 44 kwa mita ya mraba, karibu 9,000 kwa eneo lako. Mlipe fundi bustani kwa mita ya mraba iliyoota, siyo kwa siku: nusu akishapanda, nusu nyasi zikishafunika ardhi, ambayo ni miezi miwili hadi mitatu.

Maji ndiyo gharama inayosahaulika. Lita 5 kwa mita ya mraba ni lita 1,000 kwa siku, simtanki moja zima, na nyumba haina mtu. Kwa hiyo paa lifanywe mwezi wa tisa jua likiwepo, udongo umwagwe na kujaribiwa hukohuko mwezi wa tisa, upandaji usubiri vuli ikishashika Oktoba. Mabaki ya lami na plasta yaondolewe uwanjani kabla udongo haujaletwa, maana yakifukiwa nyasi zinatoka na mabaka hapo juu.