Kichwa baridi kinagonga, na kompresa inakwenda mita 5,000: tunaipimaje hapa Mwanza?

fundi_nyegezi
Wakuu, habari za kazi. Kriostati (chombo cha ombwe kinachotunza baridi kali) ya kipokezi cha darubini ya redio ipo karakana Nyegezi, itafungwa mlimani mita 5,000. Kompresa ya heliamu inapozwa kwa feni. Kichwa baridi, yaani mashine yenye pistoni inayopoza kriostati kwa heliamu hiyo, kinashuka hadi kelvini 15, siku ya tatu kinaanza kugonga tok, tok, tok, na joto linapanda hadi 20. Mlio huo ni nini? Na sisi tuko kama mita 1,140 tu, tutajuaje kompresa itahimili hewa nyepesi ya kule?

bomba_kavu
Heliamu yako ni chafu, mkuu. Hewa na unyevu vilivyoingia kwenye hosi huganda ndani ya kichwa baridi, pistoni ikawa inakwaruza barafu. Usikisafishe kikiwa baridi, uchafu hautoki. Zima, subiri kifikie joto la chumba. Toa gesi kutoka bar 16 hadi 2, jaza tena heliamu ya 99.999%, washa dakika moja izunguke, zima. Rudia mara tano. Sindano ya geji isiguse sifuri kamwe, maana hapo hewa ya ziwani inaingia na unyevu wake wote. Kagua pia sili za maungio. Unapokaza tumia spana mbili, moja ishike na nyingine izungushe. Hosi ikijipinda sili inahama.

kimo_juu
Kwa kimo: hewa ya mita 5,000 ina uzito wa theluthi mbili hivi ya hewa ya Mwanza. Feni itasukuma ujazo uleule, lakini itabeba joto kidogo. Ifungie feni peke yake inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota), ishushe hadi theluthi mbili ya mzunguko, kimbiza saa 24 ukiandika joto la oili kila nusu saa. Kuziba radiata kwa boksi hakufai, hujui umepunguza kiasi gani.

Baridi ya kule itasaidia kupoza, ila oili inakuwa nzito wakati wa kuwasha, weka hita. Soma na kibao cha mota: nyingi zimepimwa kwa mwisho wa mita 1,000, hata hapa tumeshauvuka.

bomba_kavu
Nyongeza: pima uvujaji wa ombwe la kriostati (nafasi iliyonyonywa hewa) kabla ya kupoza. Funga vali ya pampu, tazama geji saa nzima. Kichwa baridi kikishapoa, hewa inayovuja huganda kwenye sahani za ndani na geji inasoma safi kabisa. Umeme ukikatika ndipo hewa yote iliyoganda inaachia kwa pamoja.