Kusimamishwa kazi si adhabu kisheria, lakini ofisini kwetu ndiyo adhabu yenyewe

Wanajamvi, salamu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa mpangilio ili mwenye ujuzi nalo anijibu kwa hoja. Mimi ni afisa ugavi katika taasisi moja ya Serikali hapa Dar es Salaam, na kwa sasa nimesimamishwa kazi kwa tuhuma ya uzembe uliosababisha upotevu wa dizeli ya jenereta. Silalamikii kutuhumiwa. Anayeshika funguo za stoo ya umma lazima akubali kuulizwa, na mali ikipotea sharti mtu atoe maelezo. Ninacholalamikia ni kwamba kusimamishwa kazi, ambako kisheria ni hatua ya kupisha uchunguzi tu, kumegeuzwa kuwa adhabu isiyo na hukumu wala kikomo.

Sheria haina utata. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kinazuia mtumishi kufukuzwa kazi mpaka awe amepewa mashtaka ya kinidhamu, amepata nafasi ya kutosha ya kuyajibu, na uchunguzi umefanyika kuhusu mashtaka hayo. Juu yake ipo Katiba, Ibara ya 13(6)(a), inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Anayesoma vifungu hivyo akiwa nje ya mfumo atadhani mtumishi wa umma amelindwa kila upande.

Sasa tazameni hati ya mashtaka niliyokabidhiwa. Inasema kwamba "kwa nyakati tofauti kati ya Januari na Juni" nilisababisha upotevu wa "kiasi cha mafuta". Haitaji siku, haitaji lita, haitaji namba ya hati ya kutolea wala ukurasa wa leja. Mtu anajibuje shtaka la namna hiyo? Nilipoomba nakala ya leja ili niandae utetezi, afisa utumishi alinijibu kuwa ni kielelezo na kipo masijala ya siri. Baadaye, mbele ya kamati ya uchunguzi, nilionyeshwa leja hiyo kwa mara ya kwanza, nikakuta safu mbili za utoaji zenye saini inayodaiwa kuwa yangu, zote zikiwa na tarehe ambazo nilikuwa likizo ya mwaka, na fomu ya likizo iliyoidhinishwa na ofisi hiyo hiyo imo kwenye faili langu binafsi. Nililisema hilo waziwazi. Katibu wa kamati aliinua kalamu, akamtazama mwenyekiti, kisha akaiweka chini bila kuandika kitu.

Kuhusu wajumbe nitasema neno moja tu: mkaguzi wa ndani aliyeandika taarifa iliyoniponza aliketi pale akiwa mjumbe. Niliweka pingamizi, nikaambiwa "limepokelewa", na shauri likaendelea akiwa palepale kitini.

Tangu kamati imalize kazi yake, kimya. Barua ya kunisimamisha inasema nitalipwa nusu ya mshahara na nisitoke nje ya kituo cha kazi bila kibali, kwa hiyo siwezi hata kwenda mkoani kulima. Marejesho ya mkopo wa benki yalipangwa kwa kuangalia mshahara mzima, na benki haina habari kwamba mshahara umekatwa katikati. Mwenye nyumba wangu huku Mbagala naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Nikienda ofisini kuulizia, naambiwa jalada liko kwa bosi. Bosi akirudi, naambiwa linasubiri maoni ya mwanasheria. Danadana tupu.

Na hapa ndipo penye mtego wenyewe. Mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka yake ya nidhamu, kwetu sisi mkuu wa taasisi, ana siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na akishindwa huko anaweza kwenda kwa Rais. Lakini rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi. Mkuu asipoamua, unakata rufaa dhidi ya nini? Kukimbilia kwenye vyombo vya migogoro ya kazi nako kumezibwa tangu marekebisho ya mwaka 2016 yaliyoingiza kifungu cha 32A katika Sheria hiyo ya Utumishi wa Umma, kinachotutaka tumalize kwanza njia zote za ndani ya sheria hiyo. Niliandika malalamiko Dodoma, mwajiri akatakiwa atoe maelezo, naye mpaka leo hajayatoa. Yaani aliyechelewesha ndiye huyo huyo anayesubiriwa aeleze kwa nini amechelewesha, huku mshahara wake yeye haujaguswa na mtu!

Wapo watakaosema tulizoea kudekezwa na kwamba enzi za kutumbua majipu, za Rais Magufuli, ziliwanyoosha watumishi. Sawa, wezi walikuwapo na wapo. Ila utamaduni wa kiongozi kutangaza mbele ya kamera kwamba fulani asimame kazi, halafu mashtaka yatafutwe baadaye, umewafundisha wakuu wengi wa taasisi kwamba kazi yao huishia kwenye tangazo. Kufunga shauri hakuna kamera.

Ninachotaka ni kwamba mamlaka ya nidhamu ikipitisha muda iliowekewa na kanuni bila kutoa uamuzi, mtumishi arudishiwe mshahara kamili papo hapo, na aliyekalia jalada aandikiwe barua ya kujieleza kama tunavyoandikiwa sisi wengine.

Mwisho, swali kwa maafisa utumishi na wanasheria mliomo humu: kwa aliyewahi kusimamishwa kazi akaonekana hana hatia, ile nusu ya mshahara iliyozuiwa ililipwa kwa mkupuo au iliingizwa kwenye madai ya malimbikizo, na nani hasa alisaini ili ilipwe?