Penny Marshall: runinga ilimfundisha nini kabla ya filamu?

Mwanagenzi wa Kamera:
Habari zenu, wakuu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiongoza vichekesho vifupi vya runinga, na sasa nataka kujaribu filamu ndefu. Penny Marshall wa Marekani aliigiza katika tamthilia ya vichekesho ya Laverne & Shirley (1976–1983), akaongoza baadhi ya vipindi vyake, kisha Big, ya mwaka 1988, ikawa filamu ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kuingiza zaidi ya dola milioni 100 nchini humo. Je, runinga ilimfundisha nini hasa?

Bi Mhariri:
Ndugu yangu, tamthilia ile ilirekodiwa mbele ya watazamaji walioketi studioni, kamera kadhaa zikifanya kazi kwa pamoja, hivyo mzaha ukidorora mwongozaji alijua papo hapo. Kwenye filamu mafundi wote wamenyamaza, na mzaha wa leo utapimwa miezi kadhaa baadaye mezani kwa mhariri. Nadhani ndiyo maana Marshall alirudia onyesho moja mara nyingi, kutoka pembe nyingi: alikuwa akijiwekea akiba. Kwa bajeti zetu, sikushauri umwige katika hilo.

Mtazamaji Mkongwe:
Tusisahau kwamba kaka yake, Garry Marshall, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamthilia hiyo. Hata hivyo, filamu ya kwanza ya Penny, Jumpin' Jack Flash (1986), aliirithi ikiwa tayari imeanza kupigwa na mwongozaji mwingine, na huo si mteremko.

Mzee Pazia:
Mimi ningemwangalia kwenye Big, ambamo mvulana wa miaka 12 anajikuta ndani ya mwili wa mtu mzima. Marshall alimtaka kijana David Moscow, aliyeigiza mvulana huyo, aigize kwanza sehemu za Tom Hanks, aliyemwigiza akiwa na mwili wa mtu mzima, ili Hanks aone mtoto halisi angefanya nini, kisha aige. Matokeo yake kicheko kinatoka mwilini kuliko kwenye maneno. Mtazame Hanks kwenye karamu, amevaa suti nyeupe, ameshika kihindi kichanga kisichozidi kidole na kukitafuna mstari kwa mstari kama hindi la kuchoma.

Mwanagenzi wa Kamera:
Shikamoo, Mzee Pazia, na ahsanteni nyote. Mwigizaji wangu wa miaka 40 anapaswa kuigiza mtoto aliyenyimwa soda, na kila tukirudia anapayuka tu. Jumamosi nitamleta mpwa wangu aigize kwanza.