Tupeane uzoefu: wawili ndani ya kempa, pwani ya Afrika Kusini kutoka Cape Town hadi Addo

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tumerudi juzi kutoka safari ya siku kumi na mbili kwa kempa (gari lenye kitanda na jiko ndani), tukifuata pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Naanza na yetu, nanyi mlete zenu, hasa mliosafiri wawili tu. Kukaa na mwenzako kwenye chumba chenye magurudumu mchana na usiku ni jambo la kusimuliana.

Tulikodi gari Cape Town mwishoni mwa Septemba. Ratiba tuliipanga kwa pupa: kila usiku kambi nyingine. Hatukujua kwamba kempa ina kazi zake. Jioni unatafuta sehemu iliyo sawa ili usilale kichwa chini, unachomeka kebo ya umeme, unafungua mtungi wa gesi, unageuza meza kuwa kitanda. Asubuhi unavikunja vyote upya, na kikombe kimoja kikisahaulika juu ya sinki, kona ya kwanza tu kinavunjika.

Usiku wa tatu, tukiwa Hermanus, hatukuwa tunaongea. Yeye alitaka tuondoke mapema kuelekea Agulhas, ratiba isituharibikie. Mimi nilikataa, kwa sababu tulikuja kuona nyangumi na siku nzima bahari ilikuwa imechafuka, povu kila mahali, hatukuona hata mkia. Mwishowe akasema, "Basi, tulale tena hapahapa." Neno hilo ndilo lililoiokoa safari yetu.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia kabisa. Tukatembea kwenye njia ya juu ya majabali. Nilimsikia kabla sijamwona: pumzi nzito, kama mtu aliyetua mzigo mkubwa. Mvuke ukapanda ukiwa umegawanyika matawi mawili, kama herufi V. Alikuwa jike na mtoto wake, chini yetu kabisa, karibu na mwamba kiasi kwamba tuliona vigaga vyeupe kichwani na mgongo mpana usio na pezi. Mtoto alikuwa anapanda juu ya mama, anateleza, anazunguka, anapanda tena. Mume wangu alinishika mkono, tukakaa karibu saa nzima bila kusema neno.

Nyangumi hawa huingia kwenye ghuba zile kati ya Juni na Novemba kuzaa, kunyonyesha na kujamiiana. Sheria inazitaka boti za kawaida zikae mita 300 mbali nao, na zenye kibali cha watalii zisisogee chini ya mita 50. Ukiwa juu ya jabali huna haja ya boti, na humsumbui mnyama.

Siku hiyohiyo tulifuta kambi tatu kwenye ramani. Kuanzia hapo tukawa tunalala siku mbili kila mahali. Haya, leteni zenu.

Msafiri wa Changarawe

Asante dada kwa kufungua mada. Yangu ina maumivu kidogo, ila naitoa ili mwingine asiingie.

Tulikwenda hifadhi ya De Hoop, mashariki ya Agulhas. Ni pazuri mno: matuta ya mchanga mweupe yanashuka hadi baharini, pofu wanapita karibu na kambi, pundamilia wa milimani, na nyangumi wanaonekana ukikaa tu juu ya tuta. Shida ni njia ya kuingia, kilomita nyingi za changarawe, na kempa ni nzito. Nilikuwa nakwenda themanini kwa saa kama niko kwenye lami. Tukasikia mlio, gari likaanza kuvuta kushoto. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka ubavuni, si pancha ya kuziba.

Jeki ilikuwa fupi kwa gari lile. Mke wangu ndiye aliyewaza kutafuta jiwe bapa la kuiwekea chini, akashusha na madumu ya maji ili gari lipungue uzito. Tulitumia saa mbili juani. Kurudisha gari, kampuni ikatuonyesha kifungu: bima haihusu matairi, vioo wala sehemu za chini ya gari, na barabara za changarawe zilihitaji ruhusa ya maandishi. Tukalipa tairi zima.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, soma kuhusu changarawe. Omba wakuonyeshe jeki ikiinua gari hilohilo mnalokodi, usikubali kuelezwa kwa mdomo. Na kwenye changarawe nenda hamsini, sitini.

Hata hivyo De Hoop nitarudi. Usiku ule hakukuwa na taa yoyote, na mawimbi tuliyasikia kwa mbali hadi tukalala.

Bi Mkubwa

Wanangu, sisi tuna miaka thelathini na minne ya ndoa na magoti yetu hayapendi majabali. Kempa ilitufaa kwa sababu kiti, kitanda na chai viko hatua tatu.

Nilichokipenda kuliko vyote ni pengwini wa Boulders, pale Simon's Town. Kuna njia ya mbao, hata mzee anatembea vizuri. Wanalia kama punda, kweli kabisa; mzee wangu aligeuka akitafuta punda yuko wapi. Jozi mbili tu ndizo zilizoanza kuzaliana pale mwaka 1982, leo ufuko umejaa. Lakini usidhani wako salama. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka porini, na sababu kubwa ni njaa: dagaa wanaowategemea wamepungua, na wavuvi nao wanawataka haohao. Niliwatazama wakijipanga kuingia majini nikasikia uchungu.

Maegesho ya pale yana bango la kukuomba uangalie chini ya gari kabla ya kuondoka. Mzee aliinama, akamkuta mmoja amejikunyata nyuma ya tairi. Tukasubiri mpaka aliponyanyuka mwenyewe. Tafadhali msione uvivu kuinama.

Dereva wa Zamu

Nyani! Fungeni milango kwa ufunguo hata mkishuka dakika moja, kule Cape Point wanajua kufungua vitasa. Tuliacha mlango wa pembeni, mkubwa mmoja akaingia, akakaa juu ya kitanda chetu akila mkate na mfuko wake. Usimnyang'anye. Simama mbali, mwachie njia ya kutokea. Na usimpe chakula, ni kosa kisheria, na nyani aliyezoea chakula cha watu mara nyingi mwisho wake ni kuuawa.

Mwanzisha mada

Bi Mkubwa, shikamoo. Umenitoa machozi na huyo wa nyuma ya tairi. Swali kwa wote: suala la choo na maji machafu mlilimudu vipi? Kwetu ndicho kilicholeta mvutano kuliko yote.

Mama wa Dumu

Gawaneni kazi tangu siku ya kwanza, msisubiri mmoja ajitolee. Sisi: mimi maji safi na jikoni, yeye choo na maji machafu, siku ya pili tunabadilishana. Kaseti ya choo, yaani kile kitangi cha uchafu kinachochomolewa, mwageni kila asubuhi penye sehemu yake maalumu ya kambi, msingoje ijae, kuibeba ikiwa imejaa ni adhabu. Maji ya sinki nayo yana mahali pake, msiyafungulie majanini.

Upepo pia. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki wa Cape Town una nguvu kweli. Elekezeni pua ya gari kwenye upepo, na mlango ukifunguliwa ushikeni kwa mkono. Wetu ulipigwa, bawaba ikapinda.

Wapya Kabisa

Hii ilikuwa fungate yetu. Kambi ya Storms River Mouth, ndani ya hifadhi ya Tsitsikamma, sijui niielezeje. Unaegesha kwenye nyasi, mbele yako ni miamba, na mawimbi yanapasuka hapo mpaka unyunyu unafika kwenye kioo. Eneo hilo limelindwa tangu 1964, ni hifadhi ya taifa ya kwanza ya baharini Afrika. Tulivuka daraja la kuning'inia la mita 77 kwenye mdomo wa mto. Pimbi wanaota jua kando ya magari, hawana habari na mtu.

Mke wangu alitamani fisi maji. Kuna njia ya kutembea ya siku tano inayoitwa kwa jina la mnyama huyo, sisi tulitembea kile kipande cha mwanzo tu hadi maporomoko. Hatukumwona. Jioni ya pili tumekaa mlangoni na chai, pomboo wakapita kundi kubwa mno, wanaruka mmoja baada ya mwingine, jua linazama. Tulikuwa tuondoke kesho yake asubuhi, tukaongeza usiku kwa kusihiana tu.

Msafiri wa Changarawe

Nyongeza kwa madereva wa N2, barabara kuu ya pwani hii: kempa ni ya polepole. Mchana, ukiona mbele kweupe, sogea kushoto nje ya mstari wa njano umpishe aliye nyuma. Akikupita atakuwashia taa za hazadi mara moja mbili, ndiyo asante yake. Nawe mjibu kwa taa. Usiku msiendeshe.

Dereva wa Zamu

Mnaomalizia Addo, hifadhi ya tembo, shusheni machungwa na malimao yote kabla ya geti, hayaruhusiwi. Zamani tembo walikuwa wanalishwa machungwa, wakazoea harufu na kuwa wakali wakiyatafuta. Hifadhi ilianzishwa 1931 wakiwa wamebaki kumi na mmoja tu, sasa ni zaidi ya mia sita. Na msikanyage mavi yao barabarani, kuna dundu wasioruka wanaoishi humo.

Mwanzisha mada

Nimemsomea mume wangu yote kwa sauti. Kwa Wapya Kabisa akasimama, akaenda kuchukua kalenda. Tunarudi Septemba, na safari hii Tsitsikamma tunaiwekea siku nne. Jeki nitaikagua mwenyewe.